Kabla ya saruji, tafuteni kiwanja: jinsi mtaa unavyoweza kupata zahanati Mwanza

Nimekuwa mjumbe wa kamati ya mtaa kwa miaka tisa, huku juu mawe yanakoanza, wilaya ya Nyamagana. Watu wa mitaa mingine hunipigia simu: "Mama, na sisi tunataka zahanati, tuanzie wapi?" Wengi wao wameshachangishana, wengine wameshanunua saruji. Nami huwauliza jambo moja tu: kiwanja kiko wapi, na karatasi yake anayo nani?

Jiji lina Mpango Kabambe wa matumizi ya ardhi wa 2015 hadi 2035, lakini huo ni picha ya jumla. Mnachohitaji ni mchoro wa mipango miji wa eneo lenu. Nendeni watu watatu ofisi ya mipango miji ya halmashauri, na barua yenye muhuri wa mtendaji wa mtaa. Mlio Kirumba, Pasiansi au Buswelu, halmashauri yenu ni Manispaa ya Ilemela, iliyogawanywa kutoka Jiji mwaka 2012, kwa hiyo msipoteze nauli kwenda kwingine. Ombeni kuonyeshwa viwanja vilivyotengwa kwa huduma za jamii na maeneo ya wazi. Andikeni kitalu na namba ya kiwanja, kisha mwende mkakione wenyewe kwa miguu.

Sisi tulipofika kwenye chetu tulikuta nyumba mbili zimeshajengwa, na watoto wanacheza uani. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwafukuza wale watu, na hata sasa naona tulifanya sawa. Tulibaki bila eneo mpaka mzee mmoja wa mtaani aliposimama mkutanoni akasema atatoa kipande cha shamba lake. Akina mama walipiga vigelegele. "Wabeja, baba, wabeja sana," tukamshukuru kwa Kisukuma.

Hapo ndipo mitaa mingi hukosea. Wakishapiga vigelegele wanaanza kuchimba msingi. Ardhi iliyotolewa kwa mdomo bado ni ya mwenyewe. Siku ile ile tuliandika hati ya kutoa eneo. Akasaini mzee, mke wake na watoto wao wakubwa, kisha mwenyekiti wa mtaa, mtendaji na mashahidi wanne. Baadaye tukamwomba mpima ardhi wa halmashauri aweke mipaka. Mzee alifariki mwaka wa pili, Mungu amrehemu. Kijana wake mmoja alirudi kutoka Geita akidai shamba la baba. Tulimketisha, tukamwonyesha saini yake mwenyewe, na ugomvi ukaishia pale bila kufika baraza la ardhi.

Kabla ya kukubali eneo lolote, litazameni kwa macho ya mama mwenye uchungu saa nane usiku. Milima yetu ina njia ambazo hata bodaboda haipandi. Nimeshuhudia mjamzito akishushwa kwa kiti cha mbao, wanaume wanne wakipokezana juu ya mawe. Gari la wagonjwa lisipofika mlangoni, tafuteni kwingine. Mlio karibu na ziwa, kama Luchelele, kumbukeni kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji. Na mlio bondeni kando ya Mto Mirongo, waulizeni wenyeji maji hufika wapi masika.

Kiwanja kikishakuwa na karatasi, itisheni mkutano mkuu wa mtaa. Ombi lipite mbele ya wakazi, muhtasari uandikwe, mahudhurio yasainiwe. Muhtasari huo unapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake, ndipo unaenda halmashauri. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini bajeti yake hupikwa miezi mingi kabla. Sisi huhakikisha ombi liko kata ifikapo Septemba. Kila barua itoeni nakala mbili, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua yetu ya kwanza ilipotea katika ofisi fulani. Hatukuwa na nakala, tukapoteza mwaka mzima.

Ujenzi wenyewe sitauelezea sana, maana mafundi mnao. Mwanza mawe si shida, na siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, watu wetu walisomba mawe ya msingi tangu alfajiri. Lakini ombeni kwanza ramani ya zahanati kwa mhandisi wa halmashauri. Sisi tulichimba msingi kwa kukadiria. Alipokuja kupima, vyumba vilikuwa vyembamba kuliko ramani inavyotaka, tukabomoa upande mzima. Niliona wazee waliobeba yale mawe wakiyatazama yakitolewa, na sitasahau nyuso zao.

Michango iandikwe kwenye daftari moja, kila mtu apewe stakabadhi, na mapato na matumizi yabandikwe ofisi ya mtaa kila mwezi. Mwenye mia tano aone jina lake kama mwenye laki. Tulipoanza kubandika, hata waliokuwa wagumu walileta.

Kwa kawaida wananchi hufikisha boma, yaani kuta zisizoezekwa, kwenye lenta ya juu ya milango na madirisha, kisha halmashauri huombwa kumalizia. Msisubiri bati lifike ndipo muulize habari ya watumishi, maji na umeme. Hayo nayo yana bajeti yake, na yasipoombwa mapema jengo litakaa limefungwa kufuli huku watu wakiendelea kubebwa kwa viti. Sisi tuliandika barua ya kuomba muuguzi na tabibu siku ile ile mafundi walipopandisha kenchi, mbao za kubeba paa, tukaipeleka kata mchana, nguo zetu zikiwa bado na vumbi la mbao, na tukarudi na nakala yenye muhuri.