Kutoka London hadi Paris kwa Treni: Mwongozo kwa Msafiri wa Mwanza

Wengi wanaotoka Mwanza kumtembelea ndugu London huikumbuka Paris wakiwa wameshafika huko, baada ya kuambiwa kwamba treni ya Eurostar hutumia saa mbili na dakika 20 hivi, na kwa kawaida huwa wamechelewa. Viza ya Uingereza haimruhusu Mtanzania kuingia Ufaransa, na mgeni wa muda mfupi hutakiwa kuomba viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Ufaransa ikiwemo, katika nchi anakoishi. Kwa hiyo zitafute zote mbili kabla ya kuondoka. Maombi ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, na bima yake sharti igharimie matibabu ya angalau euro 30,000. Hakikisha pia kwamba viza ya Uingereza inakuruhusu kuingia zaidi ya mara moja, kwa kuwa utarudi.

Viza zikishatoka, nunua tiketi mtandaoni mapema, maana nauli hupanda siku zinavyokaribia. Saa zetu za Kiswahili huwaponza watu hapa: 09:30 kwenye tiketi ni saa tatu na nusu asubuhi. Tena Paris iko mbele ya London kwa saa moja, hivyo muda wa kufika utaonekana mrefu kuliko safari yenyewe.

Aliyezoea stesheni ya Mwanza, ambako ukoo mzima humsindikiza mtu hadi kwenye behewa, atashangaa St Pancras, stesheni ya Eurostar mjini London. Wasindikizaji huishia nje ya malango ya Eurostar, mizigo hupitishwa kwenye mashine, na askari wa mpaka wa Ufaransa hukagua pasipoti hapohapo London. Malango hufungwa dakika 30 kabla ya treni kuondoka; mimi ningefika saa moja na nusu kabla. Begi utalibeba mwenyewe, kwa hiyo lijaribu nyumbani: likikushinda kutoka soko la Mwaloni Kirumba hadi barabarani, lipunguze. Nyama na maziwa haviruhusiwi kuingia Ufaransa, na samli ni maziwa.

Njia ya chini ya bahari, iliyofunguliwa mwaka 1994, ina urefu wa kilomita 50, nawe utaona giza tu kwa dakika 20 hivi.

Ukishuka Gare du Nord, stesheni ya Paris, shika mkoba wako vizuri, kwani wezi wa mifukoni hawakosekani. Siku ya kurudi, maofisa wa Uingereza watakukagua hapo hapo kabla hujapanda, hivyo barua ya mwenyeji wako wa London isibaki kwake.