Namna ya kulitembelea bonde la Santa Maria kwa siku moja, ukianzia baharini

Mimi ni mtoto wa mkulima wa zabibu wa Hombolo, Dodoma, na huu ni mwaka wa sita naendesha lori la friji huku California. Mji ninaopakia mzigo mara nyingi kuliko mingine ni Santa Maria, kilomita kama 240 kaskazini-magharibi mwa Los Angeles, kwenye barabara kuu ya 101. Ndugu na marafiki wakija huku huniuliza njia ya kwenda Napa, bonde la California linalojulikana kwa mvinyo. Nawaambia waje hapa kwanza, na waje hivi.

Anzia baharini. Wageni wengi hushuka 101, wakaona maduka na taa za barabarani, wakadhani mji ndio huo. Bonde hili hulielewi mpaka upepo wake ukupige usoni. Sehemu kubwa ya pwani ya California milima imelala sambamba na bahari, imejenga ukuta. Hapa bonde limekatiza, mdomo wake uko wazi magharibi, na maji ya Pasifiki upande huo ni ya baridi. Usiku ukungu huingia kwa mdomo huo, ukatanda juu ya mashamba hadi asubuhi ikiwa imekomaa. Ukungu ukiondoka, upepo unachukua zamu. Beba sweta hata kama ni Julai.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi uwe Guadalupe, mji mdogo ulio kati ya Santa Maria na bahari. Kisha rudi mashariki taratibu kwa barabara ya 166. Pande zote mbili ni brokoli, koliflawa, letusi na stroberi. Ukija kati ya Aprili na Juni utakuta stroberi imepamba moto. Egesha mahali pasipoziba njia ya trekta, uangalie bila kuingia shambani. Sheria za usafi wa chakula ni kali, na watu wako kazini.

Hapo usiwe na haraka. Wachumaji wameinama, kila mmoja na kitoroli chake chembamba cha waya, wanasukuma tuta kwa tuta. Stroberi haioshwi wala haihamishwi chombo: kikasha cha plastiki anachokijaza pale ndicho utakachokichukua dukani. Mkono wa mwisho kuligusa tunda kabla ya wako ni wa mchumaji yule. Wengi wametoka Oaxaca, Mexico, na lugha ya nyumbani kwao ni Kimixteko. Kihispania wamejifunza baadaye, kama wewe na mimi tulivyojifunza Kiingereza. Wasalimie. Usimpige mtu picha bila kumwomba. Ukitaka kuonja, nunua kwenye kibanda cha kando ya barabara, tunda lililochumwa asubuhi ile ile. Ukila hilo, la dukani utaliona limechoka.

Kutoka shambani, mzigo hukimbizwa kwenye vyumba vya baridi, unavutiwa hewa ya baridi mpaka joto la ndani ya tunda likaribie sifuri. Mara nyingi kila paleti hufunikwa mfuko wa plastiki na kujazwa hewa ya kaboni dayoksaidi ili ukungu wa kuoza usiote. Ndipo lori langu hupakia, friji ikiwa nyuzi 34 za Farenhaiti, kama nyuzi 1 zetu. Mzigo wangu mmoja wa mwanzo ulikataliwa mwisho wa safari. Mpokeaji alichoma kipimajoto ndani ya tunda, akakuta limepanda nyuzi chache tu. Tangu siku hiyo sipakii bila kupima mwenyewe.

Mjini pita kwa muda mfupi. Simama kwenye makutano ya Broadway na Main: mashamba ya walowezi wanne yalikutana hapo, na mwaka 1875 wakaupima mji. Ulikuwa ukiitwa Central City, jina ambalo mji mwingine wa jimbo la Colorado nao unalo, barua zikawa zinapotea, na mwaka 1885 ukawa Santa Maria. Sasa una watu wapatao 110,000. Shika barabara ya Betteravia kuelekea mashariki. Jina hilo limetokana na neno la Kifaransa la kiazisukari, maana huku kulikuwa na kiwanda kikubwa cha sukari.

Betteravia itakufikisha barabara ya Foxen Canyon, na hapo joto linapanda, unavua sweta. Tazama mto Sisquoc ukiwa kiangazi: mchanga mtupu, kama makorongo ya kwetu Dodoma. Kwenye vilima ndipo ilipo mizabibu. Shamba la kwanza la biashara bondeni lilipandwa mwaka 1964 na Uriel Nielson. Bien Nacido, ambalo jina lake utaliona kwenye chupa za watengenezaji wengi, familia ya Miller ilianza kulipanda mwaka 1973. Mwaka 1981 bonde likatambuliwa rasmi kama eneo la mvinyo lenye jina lake.

Baba yangu alinibishia kwenye simu nilipomwambia wanavuna mara moja tu kwa mwaka. Hombolo tunavuna mara mbili, kwa sababu mzabibu wetu haupati baridi ya kuulaza. Huku unalala, unaamka mwezi wa pili au wa tatu, na zabibu huiva polepole hadi Septemba, pengine Oktoba. Sukari inakuja taratibu, ukali wa tunda haukimbii. Ndiyo sababu zabibu za mvinyo za chardonnay, nyeupe, na pinot noir, nyeusi, zimependa hapa.

Weka nafasi mapema kwenye chumba cha kuonjea. Vingi havifungui kabla ya saa nne au saa tano asubuhi. Anza na chardonnay, kisha pinot noir. Meza kidogo, kingine tema kwenye ndoo iliyowekwa mezani. Si utovu wa adabu. Asiyekunywa ndiye aendeshe. Mimi huonja siku ya mapumziko tu, tena nikiwa abiria.

Jioni, hasa Jumamosi, rudi Broadway ufuate moshi. Makanisa na vikundi vya shule huchoma nyama barabarani kuchangisha fedha. Kuni ni za mwaloni mwekundu, na wavu hupandishwa na kushushwa kwa gurudumu la mkono. Nyama hupakwa chumvi, pilipili manga na kitunguu saumu, basi. Agiza tri-tip, kipande cha pembetatu cha nyuma ya ng'ombe, ukatiwe kukata mshipa wa nyama, usikubali kikatwe kuufuata. Utapewa mkate uliochovywa siagi, kachumbari wanayoiita salsa, na maharage madogo ya rangi ya waridi, pinquito.

Maharage hayo nunua makavu, kilo mbili hivi. Yaloweke usiku kucha. Wao huyapika na nyama ya nguruwe. Mimi huyaunga kwa karanga, na nikiyafunika jikoni harufu ni ya kwetu kabisa.