Kumuuliza mheshimiwa kwa karatasi

Nauza nafaka Eastlands. Mbele ya duka langu kuna mtaro ambao kwa miaka ulikuwa umejaa mifuko, mabaki ya mboga na mchanga wa mjengo. Masika ya 2024 yalipoifurisha Nairobi, maji yalikosa njia yakaingia dukani usiku. Yalilowesha magunia matatu ya maharagwe na moja la ndengu. Nilipofungua asubuhi, maharagwe yalikuwa yameshavimba ndani ya gunia kama yaliyorowekwa kwa ajili ya githeri.

Wiki hiyo mwakilishi wetu wa wadi alikuja mazishini kwa jirani. Nilimngoja karibu na gari lake nikamfokea mbele ya watu. Alinisikiliza kwa upole, akasema, "Mama, nimesikia," akaingia garini. Kijana wake akanifuata na noti ya elfu moja, nami nikaipokea. Nakueleza hili kwa sababu ndilo jambo la kwanza la kuepuka. Ile elfu ilimaliza mazungumzo. Mtaro haukuguswa, na kila nilipotaka kumuuliza tena nilijua, naye alijua, kwamba nimeshalipwa.

Tangu hapo nimejifunza namna nyingine ya kuuliza. Ni ya polepole, na inahitaji kalamu, nauli ya kufika mjini na majirani wawili watatu wasiochoka.

Kazi hiyo ni ya nani?

Hapa ndipo wengi wetu tunapoteza mwaka mzima. Tunamwambia mbunge habari za taka, tunamwambia mwakilishi wadi habari za madarasa, na kila mmoja anakubali kwa kichwa kwa sababu anataka kura. Kisha hakuna kinachofanyika, na akiulizwa anasema, kwa haki kabisa, kwamba pesa hizo haziko kwake.

Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, mwisho mwisho wa kitabu. Barabara za kaunti, taa za barabarani, mitaro ya maji ya mvua, uzoaji taka, masoko, zahanati na shule za chekechea ni kazi ya kaunti. Polisi, shule za msingi na sekondari na barabara kuu ni za serikali ya kitaifa. Chifu pia ni mtu wa serikali ya kitaifa, kwa hiyo ukimpelekea habari za mulika mwizi iliyozima anaweza kukusaidia kusukuma, lakini si yeye mwenye taa.

Barabara za Nairobi ndizo zinazochanganya. Ya mtaa wenu inaweza kuwa ya kaunti, inayokutana nayo ikawa chini ya KURA, mamlaka ya kitaifa ya barabara za mijini, na ile kubwa ya kutoka nje ya jiji ikawa chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Usikisie. Nenda ofisi ya kaunti ndogo yenu, umuulize mhandisi barabara hiyo iko kwenye daftari la nani. Na kabla ya kulalamikia mtaro, angalia maji yenyewe: yakiwa yanatoka kwenye chemba ya majitaka, hiyo ni kazi ya kampuni ya maji ya jiji, na barua inakwenda huko.

Halafu kuna hili, ambalo lilinibadilisha mimi: mwakilishi wadi hajengi barabara. Nairobi ina wadi 85, na kazi ya hao tuliowachagua ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti na kuisimamia serikali ya gavana. Anayesimamia huduma za kila siku katika wadi ni msimamizi wa wadi, mfanyakazi aliyeajiriwa, ambaye majirani zangu wengi hawakujua hata kama yupo. Kwa hiyo msimamizi unamuuliza, "Mtaro utazibuliwa lini?" Mwakilishi unamuuliza, "Mtaro huu uko kwenye bajeti uliyoipitisha? Umeshaomba taarifa kuuhusu katika bunge la kaunti? Siku gani?" Maswali hayo ya pili hayajibiwi kwa noti ya elfu. Yana ndiyo au la, na yana tarehe.

Barua

Siku moja nilitoka City Hall, makao ya serikali ya kaunti, nikiwa nimezungushwa ofisi nne, nikakaa kupumzika bustani ya Jeevanjee Gardens. Pale watu husimama kwa duara wakijadili siasa mchana kutwa, wenyewe wanajiita Bunge la Mwananchi. Mzee mmoja alinisikiliza, akaniuliza, "Mama, umeandika?" Nikasema nimeongea. Akaniambia kuongea hakuna tarehe. Ndiye aliyenieleza habari za siku 21.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 ikaeleza namna. Ombi liwe la maandishi, kwa Kiingereza au Kiswahili. Kiswahili, ndiyo, kwa hiyo mtu asikwambie ukatafute wakili wa kukuandikia. Hulazimiki kueleza kwa nini unataka habari hizo. Hakuna malipo ya kuwasilisha ombi, ila unaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kuongeza 14, mara moja tu, kama habari ni nyingi au inabidi kuwauliza wengine. Kama umekosea ofisi, wao ndio wanaotakiwa kulihamishia ombi panapohusika.

Yangu ilikuwa ukurasa mmoja:

"Kwa Afisa wa Upatikanaji wa Habari. Mimi ni raia wa Kenya na mkazi wa wadi hii. Chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala za: kwanza, orodha ya miradi yote ya mitaro iliyotengewa pesa katika wadi yetu kwa miaka miwili ya fedha iliyopita, pili, kiasi kilichotengwa na kilicholipwa kwa kila mradi, tatu, jina la mkandarasi na tarehe ya kumaliza kazi. Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 21."

Hakuna lawama ndani yake. Nilikuwa na lawama nyingi, na rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa tatu za uchungu. Nikazichana. Ukiandika "mmekula pesa," umewapa sababu ya kukasirika, na pia umesema jambo ambalo huna ushahidi wake na linaloweza kukupeleka mahakamani. Ukiandika "naomba nakala ya malipo," wanabaki na karatasi ya kutafuta.

Chapisha nakala mbili. Zipeleke masjala, wabaki na moja, na yako ipigwe muhuri wenye tarehe. Muhuri huo ndio barua yenyewe, bila huo hujaandika kitu. Nilipofika niliambiwa mwenye muhuri ametoka kula. Nikakaa kwenye benchi hadi saa nane na nusu, akarudi, akapiga. Nikapiga picha nakala yangu palepale na kuituma kwenye kikundi cha majirani, ili hata simu yangu ikiibwa barua isipotee.

Siku 21 zilipita kimya. Sheria inasema kimya hicho kinahesabiwa kuwa wamekataa, nawe unapata siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, CAJ, ambayo wengi wanaijua kama Ombudsman. Tuliiandikia tume hiyo, tukaambatisha nakala yenye muhuri. Wiki chache baadaye ile ofisi ya kaunti ilinipigia simu yenyewe niende kuchukua majibu.

Mpango si bajeti

Majibu yalinishangaza. Mtaro wetu ulikuwemo, umeandikwa kwa jina la barabara yetu, katika Mpango wa Maendeleo wa Mwaka. Lakini kwenye bajeti iliyofuata haukuwa na hata shilingi. Yaani mtu anaweza kusimama jukwaani akasema "mtaro wenu uko kwenye mpango," akawa anasema kweli, nasi tukapiga makofi.

Kwa hiyo shika kalenda hii. Mpango wa mwaka unaofuata hupelekwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa mikakati ya fedha, unaosema kila idara itapata kiasi gani, hufika kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti yenyewe yanafika kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Katikati ya hatua hizo kuna vikao vya kukusanya maoni ya umma, ambavyo Katiba inavilazimisha. Matangazo hutoka magazetini na mara nyingi yanakupa siku chache tu, kwa hiyo mmoja wenu apewe kazi ya kuyatafuta. Kwetu ni fundi viatu, kwa sababu magazeti hupitia kwake.

Kikao cha kwanza tulichohudhuria kilikuwa katika ukumbi wa shule. Nusu ya viti ilikaliwa na vijana waliovalishwa fulana za aina moja, waliopiga makofi kila kiongozi alipokohoa. Usivunjwe moyo na hao. Utapewa kama dakika mbili, basi sema jambo moja: "Mradi huu uko ukurasa huu wa mpango. Kwenye makadirio haupo. Tunaomba uingizwe." Kisha mkabidhi katibu maoni hayohayo kwa maandishi, na uchukue muhuri kwenye nakala yako. Yaliyosemwa kwa mdomo yanaweza kuachwa nje ya ripoti. Sisi tulikuwa wanne tuliosema jambo lilelile kwa maneno tofauti, na karatasi yenye sahihi 43 na nambari za vitambulisho. Mtaro ukapata fungu.

Ukikosa kikao, bado unaweza kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti kupitia kwa karani wake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa haki hiyo hata kama uko peke yako.

Mkate na Bunge la Taifa

Wapo wanaoniambia siasa za kitaifa ni kubwa mno kwetu, tushughulike na mitaro. Sikubali. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulitaka mkate utozwe VAT ya asilimia 16, na mteja wangu anayenunua ndengu nusu kilo ndiye huyohuyo anayenunua mkate wa nusu. Juni 20 wabunge 204 waliuunga mkono katika kusomwa mara ya pili na 115 wakaupinga. Pendekezo la mkate lilikuwa limeshaondolewa siku mbili kabla, baada ya vijana kuwapigia wabunge simu mmoja mmoja na kuingia barabarani. Juni 25 wabunge 195 waliupitisha. Binti yangu alikuwa mjini siku hiyo. Alirudi usiku kwa miguu, macho mekundu kwa vitoa machozi. Wako wazazi ambao watoto wao hawakurudi, nami siwezi kuandika kuhusu kuwawajibisha viongozi bila kuwataja. Kesho yake Rais alikataa kutia sahihi.

Kifungu cha 37 kinatupa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Lakini nataka tuwahi kabla hatujafika huko. Mswada wa Fedha hufika Bunge la Taifa kila mwaka kufikia mwisho wa Aprili, na kamati ya fedha hutangaza siku za kupokea maoni. Mwandikie karani wa Bunge la Taifa, na nakala umpelekee mbunge wako ofisini kwake eneobunge: "Kipengele hiki kitapandisha bei ya kitu hiki kwangu. Utapiga kura vipi?" Baada ya kura, tafuta Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi ya yaliyosemwa bungeni, kwenye tovuti ya Bunge. Kura ikipigwa kwa kutajwa majina, jina lake limo. Sisi tuliichapisha orodha hiyo tukaibandika kwenye ukuta wa duka, na watu walisimama kuisoma wiki nzima.

Kuhusu NG-CDF, hazina ya maendeleo ya maeneobunge, usitegemee mabango ya "mradi huu umeletwa na mheshimiwa." Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, hutoa ripoti ya kila eneobunge peke yake. Itafute, ruka majedwali ya mwanzo, soma aya zinazotaja miradi iliyokwama au malipo yasiyo na stakabadhi, kisha mwende kwenye hilo darasa mlione kwa macho. Mahakama Kuu ilitamka Septemba 2024 kwamba sheria ya hazina hiyo inakiuka Katiba, ila pesa zilizokwisha kutumika bado zina hesabu yake. Na mkishika ushahidi wa wizi, si tuhuma, peleka EACC, tume ya kupambana na ufisadi.

Usiende peke yako popote. Nendeni wawili au watatu, mwandike jina la afisa na saa, msitukane, na msichukue ya soda.

Mtaro wetu umechimbwa kutoka njia panda hadi karibu na kanisa, ukajengwa kwa mawe vizuri. Kutoka hapo hadi mtoni haujaguswa, na mkandarasi ameshaondoa mashine. Nimeomba cheti cha kukamilika kwa kazi na hesabu ya alicholipwa. Siku 21 zinaisha Alhamisi ijayo. Fundi viatu amesema atafunga kibanda mapema tuende pamoja.