Kabla hujaingia mchezo wa ofisini

Mshahara ukikaribia, lazima mtu apite mezani na habari ya mchezo, ule wa kuchangiana hela kwa zamu: watu kumi, laki moja kila mwezi, mmoja anabeba milioni. Ni kitu kizuri, kimelipa ada za watoto wengi hapa Dar na kuezeka nyumba kule Chanika. Ila usiishie kuuliza kiasi. Uliza nani anabeba mwanzoni.

Anayebeba wa kwanza kakopeshwa laki tisa na wenzake, bila riba wala dhamana. Wa mwisho ndiye aliyekopesha muda wote. Kwa hiyo namba za mwanzo wapewe watu ambao hata wakiondoka mnajua pa kuwapata. Mwenye mkataba unaoisha Juni asibebe Machi, hata kama ndiye anayewachekesha wote kwenye foleni ya mwendokasi.

Mtu mgeni mpime kwa vitu vidogo. Saa nne akienda kuwachukulia chai na chapati, chenji anairudisha mwenyewe au mpaka umkumbushe? Na akikusimulia madeni ya fulani kwa utamu, yako nayo yatasimuliwa.

Hela itumwe kwa simu, siyo mkononi kwenye korido, ili meseji ibaki. Kijumbe, yule anayesimamia mchezo, naye aandike zamu zote na aziweke kwenye grupu kabla ya hela ya kwanza kutoka.

Bosi akitaka kujiunga, mimi hapo huwa natoka. Akichelewesha, nani atamdai?