Sabufa ikinguruma, ihamishe kwanza
Sebule yetu hapa Ngamiani, Tanga, ni kuta za tofali na sakafu ya saruji. Sabufa ikikaa kwenye kona, taarabu yote inakuwa ngurumo. Kabla hujagusa vitufe, iweke juu ya kochi, pale pale unapokaa, piga wimbo wenye besi nzito, kisha tambaa kando ya kuta ukisikiliza (watoto watakucheka, waache). Pale ambapo noti zote za besi zinasikika sawasawa, hapo ndipo pa kuiweka. Chumba cha urefu wa mita 4 huvuma karibu na hezi 43 (mitetemo 43 kwa sekunde, yaani sauti ya besi), na kochi lililobanwa ukutani huzidisha mvumo. Livute mbele kidogo. Zulia la mkonge halizuii besi, ni jembamba mno.