Jinsi ya kuomba mkopo wa msimu kwa kiwanda cha kukamua alizeti: tenganisha gharama kwanza

Mwenye mashine ya kukamua alizeti Singida au Dodoma huhitaji fedha nyingi kwa kipindi kifupi. Mavuno yakianza, kuanzia Mei hivi, mbegu zinamiminika na bei inashuka. Asiyekuwa na fedha siku hizo atakuja kuzinunua kwa bei ya juu baadaye, au mashine italala. Kwa hiyo ombi la mkopo wa msimu liandaliwe mapema, Februari au Machi, hesabu za mwaka uliokwisha Desemba zikiwa bado mbichi.

Ninaandika mwongozo huu kwa sababu nimeona maombi mazuri yakikwama mahali pamoja. Mama mmoja niliyemsaidia alikuwa amerudishiwa ombi lake kwa maelezo kwamba kiwanda kinapata hasara. Ghala lake lilikuwa limejaa madumu ya mafuta. Hakuwa na hasara hata kidogo, ila daftari lake liliandika kila shilingi iliyotoka kuwa matumizi ya mwaka, na yale mafuta ya ghalani hayakuonekana popote kwenye karatasi. Iliniuma, kwa sababu msimu ulikuwa umeshampita.

Hatua ya kwanza: nyaraka

Sehemu hii haina ugumu. Wakopeshaji wengi watakutaka uwe na TIN, leseni ya biashara, cheti cha usajili kutoka BRELA, uthibitisho wa kulipa kodi kutoka TRA, vibali vya ubora vya TBS, taarifa ya akaunti ya benki ya miezi sita hadi kumi na miwili, na hesabu za mwaka. Kama dhamana ni nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mwenzi wako aridhie. Mshirikishe mapema, asije akasikia habari hiyo siku ya kusaini. Ukikwama kwenye kuandika mchanganuo wa biashara, nenda ofisi ya SIDO ya mkoa wako, kwani shirika hilo lipo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo.

Hatua ya pili: gawa gharama mafungu mawili

Hapa ndipo pa kutulia. Chukua daftari la matumizi la mwaka mzima, na kwa kila mstari jiulize swali moja: je, fedha hii ilitumika kuifanya mbegu iwe mafuta yaliyo tayari kuuzwa?

Kama jibu ni ndiyo, hiyo ni gharama ya bidhaa. Inaingia ndani ya mafuta na kukaa humo mpaka mafuta yauzwe. Lita ikiwa bado ghalani tarehe 31 Desemba, gharama yake nayo iko ghalani, na kwenye mizania, yaani karatasi ya mali na madeni ya biashara, utaiandika kama mali. Kama jibu ni hapana, ni gharama ya kipindi: inakatwa kwenye mapato ya mwaka huohuo, uwe umeuza lita moja au elfu hamsini.

Gharama za bidhaa ziko za aina tatu. Ya kwanza ni malighafi, yaani mbegu pamoja na kila kilichozifikisha kiwandani: usafiri, ushuru wa mazao wa halmashauri, wapakuaji. Ya pili ni nguvukazi ya wanaogusa kazi yenyewe, mwendesha mashine na vibarua wa kuchekecha na kujaza madumu. Ya tatu ni gharama za jumla za kiwanda ambazo huwezi kuzifunga kwenye lita moja moja: umeme wa mashine, vipuri, pango la jengo la kukamulia, uchakavu wa mashine (thamani inayopungua kila mwaka), mshahara wa msimamizi wa zamu.

Za kipindi ni za ofisi na za kuuza. Mshahara wa karani wa hesabu, pango la duka la mjini, kamisheni ya wauzaji, matangazo ya redio, vocha za simu, usafiri wa kupeleka mafuta kwa mteja.

Angalia usafiri hapo. Lori lilelile, dereva yuleyule, dizeli ileile. Likileta mbegu kiwandani, gharama yake inaingia kwenye bidhaa. Likipeleka mafuta Dar es Salaam, ni ya kipindi. Watu wengi hugawa gharama kwa kutazama aliyelipwa, na hapo ndipo wanapopotea. Tazama fedha ilifanya kazi gani.

Mgawanyo huu haukutungwa na benki. Umo katika kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha bidhaa ghalani, IAS 2, na Tanzania inafuata viwango vya kimataifa tangu mwaka 2004 chini ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi. Ofisa mikopo aliyesoma uhasibu anaujua kwa moyo.

Gharama zinazosumbua

*Umeme.* Kama LUKU ni moja kwa mashine, ofisi na duka, gawa kwa kipimo unachoweza kukieleza, kwa mfano nguvu ya vifaa na saa vinavyofanya kazi. Andika hesabu hiyo pembeni na uitumie hivyohivyo kila mwaka. Ushauri wangu wa dhati ni kufunga mita ya pili, kwa sababu inamaliza mabishano yote.

*Mwenye kiwanda.* Ukiwa asubuhi unasimamia ukamuaji na mchana unatafuta wateja, mshahara wako ugawe kwa muda. Fedha unazochukua kwa ada ya shule ya watoto si gharama ya upande wowote. Ni za mmiliki, na ziandikwe hivyo.

*Madumu.* Dumu ambalo mafuta yanauzwa ndani yake ni sehemu ya bidhaa. Maboksi na kamba za kufungia mzigo kwenye lori baada ya mauzo ni gharama za kuuza.

*Ghala.* Kukausha mbegu ni uzalishaji. Kuweka mafuta yaliyokwisha kujazwa ukisubiri bei ipande ni gharama ya kipindi, hata kama ghala hilo limepakana na mashine.

*Upotevu.* Vumbi, mawe na unyevu unaopungua kila msimu ni upotevu wa kawaida, na gharama yake inabebwa na lita zilizopatikana. Tangi likipasuka na mafuta yakamwagika, hiyo ni hasara ya kipindi. Usiipakie kwenye lita zilizosalia, maana utazifanya zionekane ghali kuliko zilivyo.

*Miezi ya kulala.* Suala hili huwatatiza hata wahasibu. Kiwanda cha alizeti hulala sehemu ya mwaka kwa sababu mbegu zimekwisha. Pango na uchakavu wa miezi hiyo utaviweka wapi? IAS 2 inataka gharama zisizobadilika zigawanywe kwa uwezo wa kawaida wa uzalishaji, yaani wastani unaotarajiwa kwa misimu kadhaa. Kulala kwa kila mwaka ni sehemu ya kawaida yako, kwa hiyo pango la mwaka mzima linaingia kwenye mafuta. Lakini mwaka wa ukame, ukikamua nusu ya unachokamua siku zote, usiongeze mzigo wa pango kwa kila lita. Sehemu iliyokosa mafuta ya kuibeba ikatwe kama gharama ya kipindi.

*Riba.* Riba ya mkopo wa kununulia mbegu ni ya kipindi. Mafuta hukamuliwa kwa wingi na kwa kurudiarudia, kwa hiyo riba haipandishwi kwenye thamani yake.

*VAT.* Kama umesajiliwa na unarudishiwa VAT ya manunuzi, isiingie kwenye gharama yoyote.

*Mashudu.* Mashudu, yaani makapi ya mbegu yanayobaki baada ya kukamua, hayana hesabu ya gharama yake peke yake. Thamani unayoyauzia wafugaji, ukitoa gharama za kuyauza, unaipunguza kwenye gharama za mafuta. Nimeona watu wakiyaandika kama zawadi iliyodondoka pembeni, na lita yao ya mafuta ikaonekana ghali kupita ilivyo.

Hatua ya tatu: andaa hesabu ya uzalishaji

Tuchukue mfano. Kiwanda kimekamua kilo 200,000 za mbegu na kupata lita 50,000 za mafuta, zote zimejazwa kwenye madumu ya lita 20. Hakikuwa na mafuta mwanzoni mwa mwaka.

Mbegu, kilo 200,000 kwa sh. 900: 180,000,000
Usafiri wa kuleta mbegu na ushuru: 9,000,000
Waendesha mashine na vibarua: 12,000,000
Umeme wa mashine: 8,000,000
Vipuri na matengenezo: 4,000,000
Pango la jengo la kukamulia: 3,000,000
Uchakavu wa mashine: 5,000,000
Madumu 2,500 kwa sh. 4,000: 10,000,000
Jumla: 231,000,000
Toa mashudu, kilo 140,000 kwa sh. 300: 42,000,000
Gharama ya mafuta: 189,000,000

Gawa kwa lita 50,000. Kila lita imegharimu sh. 3,780.

Gharama za kipindi za mwaka huo, ukijumlisha ofisi, duka, usafiri wa kupeleka mafuta, kamisheni, matangazo na riba, ni sh. 24,000,000. Kiwanda kimeuza lita 40,000 kwa sh. 4,800, yaani sh. 192,000,000. Lita 10,000 zimebaki.

Gharama ya lita zilizouzwa ni sh. 151,200,000, faida ghafi sh. 40,800,000. Toa gharama za kipindi, unabaki na faida ya sh. 16,800,000. Ghalani kuna mafuta ya sh. 37,800,000, na yataonekana kwenye mizania.

Sasa fanya kama alivyofanya yule mama. Weka mapato yote, mafuta na mashudu, sh. 234,000,000. Toa gharama zote za mwaka, za bidhaa na za kipindi, sh. 255,000,000. Unapata hasara ya sh. 21,000,000. Tofauti kati ya faida ile na hasara hii ni sh. 37,800,000 kamili, thamani ya mafuta yaliyo ghalani. Hakuna aliyeiba wala kilichopotea.

Kosa la upande wa pili ni la hatari zaidi, kwa sababu linapendeza macho. Ukiingiza na zile milioni 24 kwenye mafuta, lita inapanda hadi sh. 4,260 na faida inaonekana sh. 21,600,000. Umeongeza sh. 4,800,000 ambazo hazipo, na utalipa kodi na kukopa kwa kuzitegemea.

Kabla ya kufunga hesabu, linganisha gharama ya lita na bei ya soko ukitoa gharama za kuuza. Kama soko limeshuka chini ya gharama, mafuta ya ghalani yaandikwe kwa thamani hiyo ya chini. Na kama bei za mbegu zilibadilika katikati ya msimu, tumia wastani au utaratibu wa kilichoingia kwanza kutoka kwanza. Usibadilishe kila mwaka.

Hatua ya nne: kokotoa kiasi cha kuomba

Ukishatenganisha gharama, ombi linajiandika. Tuseme unataka kukamua kilo 60,000 zaidi msimu ujao. Mbegu na kuzifikisha ni sh. 945 kwa kilo. Vibarua, umeme na madumu ni sh. 150 kwa kilo. Unahitaji sh. 65,700,000. Usiweke uchakavu, kwa kuwa haulipwi kwa fedha taslimu, wala pango, ambalo halitaongezeka kwa sababu ya kilo hizo.

Upande wa kurejesha, mashudu yataleta sh. 12,600,000, na huuzika mapema. Lita 15,000 za mafuta zitaleta sh. 72,000,000. Hapo ndipo gharama za kipindi zinapoingia: toa usafiri wa kupeleka mafuta na kamisheni, kwa mfano wetu sh. 250 kwa lita, jumla sh. 3,750,000. Baada ya kurudisha mkopo wenyewe zinabaki sh. 15,150,000, na riba lazima itoshe humo. Kama haitoshi, punguza ombi au jadiliana muda wa marejesho kabla ya kusaini. Omba marejesho yafuate mauzo. Mkopo wa kununulia mbegu usiolipika mpaka mafuta yauzwe ukipangiwa marejesho ya kila mwezi tangu mwezi wa kwanza, utakulazimisha kuuza kwa bei ya hasara.

Hatua ya tano: wasilisha na ujiandae kutembelewa

Ambatanisha hesabu ya uzalishaji, taarifa ya mapato na matumizi, mizania, na ukurasa mmoja unaoeleza ulivyogawa umeme, pango na mshahara wako. Ukurasa huo mmoja una uzito kuliko picha za mashine.

Mkulima mdogo hana mashine ya EFD, ile ya stakabadhi za kielektroniki, kwa hiyo weka daftari la manunuzi lenye tarehe, jina, kijiji, kilo, bei na sahihi yake. Stakabadhi za vitu vingine zipange kwa mafungu yaleyale mawili.

Ofisa mikopo atakuja kiwandani, na mara nyingi ataanzia ghalani. Hesabu madumu mwenyewe asubuhi hiyo, pima mbegu zilizobaki, kisha toka kwenye idadi ya leo urudi nyuma hadi 31 Desemba kwa kutumia mauzo na uzalishaji wa tangu hapo. Karatasi ya hesabu hiyo iwe mezani kabla hajaiuliza, na anayeendesha mashine awepo, maana ataulizwa gunia moja linatoa lita ngapi.