Kabla Hujaenda Kung'oa Gego la Mwisho

Ukishapangiwa siku ya kung'oa jino la hekima, usianze kuzunguka kwa marafiki ukiulizia. Mmoja atakwambia aliugulia wiki nzima, mwingine atakwambia alirudi kazini mchana uleule, na wote wawili watakuwa wakweli. Gego hili hutoka mwisho, mara nyingi kati ya miaka 17 na 25, wakati taya limeshajaa. La juu lililosimama wima linaweza kung'oka kwa dakika chache. La chini lililolala ubavu ndani ya mfupa ni kazi nyingine kabisa: fizi inachanwa, mfupa unachongwa kidogo, jino lenyewe linakatwa vipande ndipo litoke.

Kwa hiyo mwulize daktari langu limekaaje, na akuoneshe kwenye picha ya eksirei. Ukitazama vizuri utaona mfereji unaopita chini ya mizizi ya magego ya chini. Humo unapita mshipa wa fahamu unaoupa hisia mdomo wa chini na kidevu. Mizizi ikiwa imeugusa au kuukaribia, kuna uwezekano wa ganzi kubaki mdomoni kwa wiki kadhaa au miezi, na kwa watu wachache haiondoki. Hayo uyasikie kabla, si baada.

Taja dawa zote unazotumia, hata zile unazoziona hazihusiani na meno. Dawa za kuzuia damu kuganda, sindano au vidonge vya kuimarisha mifupa, vidonge vya uzazi wa mpango: vyote vinahusika. Sema kama una kisukari, una mimba, au una mzio wa dawa yoyote. Na usijiachishe dawa kwa akili yako mwenyewe ukidhani unamsaidia daktari.

Suala la kula linategemea utapewa nini. Kama ni sindano ya ganzi peke yake, kula ushibe, kwa sababu chakula kinachofuata kitakuwa cha kubembeleza. Kama utapewa dawa ya usingizi, utaambiwa ukae bila chakula kwa saa kadhaa, kwa kawaida 6 au zaidi. Usidanganye hapo, maana chakula kikirudi ukiwa usingizini kinaweza kuingia kwenye mapafu. Pia uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani. Usiendeshe gari.

Nunua dawa ya maumivu kabla ya siku yenyewe, na ununue ile daktari aliyokuambia. Weka barafu tayari, vyakula laini vya siku nne tano, na mto wa pili ili ulale kichwa kikiwa juu. Usiku wa kwanza hutakuwa na hamu ya kutafuta kitu chochote.

Kwenye kiti, jua kwamba ganzi inaondoa maumivu, haiondoi mguso. Utasikia unasukumwa, taya linavutwa, na jino likikatwa utasikia mlio ambao ni kama unatokea ndani ya fuvu lako. Inatisha lakini haiumi. Ikiuma, inua mkono, uongezewe ganzi. Hakuna zawadi ya kuvumilia.

Ukitoka, ng'ata pamba uliyopewa kwa nusu saa au zaidi, na usiitoe kila dakika kuchungulia. Mate yakichanganyika na tone la damu mdomo mzima huonekana mwekundu, usitaharuki. Meza dawa ya maumivu kabla ganzi haijaisha. Usile hadi mdomo urudi, utajitafuna shavu. Barafu juu ya shavu, dakika 20 kuweka na 20 kutoa, siku ya kwanza na ya pili. Uvimbe utapanda hadi siku ya pili au ya tatu kisha ushuke, na taya litakuwa gumu kufunguka. Yote hayo ni kawaida.

Sasa lile lililonifunza adabu.

Mimi sivuti sigara. Mrija sikuugusa, kwa sababu niliambiwa usifyonze kitu. Nilijiona mgonjwa wa mfano. Tatizo langu lilikuwa usafi. Jioni ileile ya kung'olewa nilichukia ladha ya damu mdomoni, nikachukua maji nikasukutua kwa nguvu kama ninavyosukutua kila asubuhi, nikatema kwa kishindo. Nikarudia kabla ya kulala. Kesho yake nikafanya hivyo mara nne au tano, nikijisifu kwamba shimo langu halitaoza.

Siku ya pili maumivu yalipungua. Ya tatu asubuhi nikanywa uji, nikapiga simu kuwaambia watu nimepona. Usiku wa siku hiyohiyo nikaamshwa na maumivu ambayo sikuwa nayo hata saa ganzi ilipoisha. Yalianzia kwenye shimo, yakapanda taya hadi ndani ya sikio, yakakaa pale yakidunda. Vidonge nikameza, havikufika popote. Nikajiambia ndivyo kidonda kinavyopona. Nikavumilia siku hiyo, na iliyofuata, na nikaongeza ujinga juu ya ujinga kwa kumeza antibayotiki zilizobaki kabatini kutoka ugonjwa mwingine.

Usiku wa tatu wa mateso nikasimama mbele ya kioo, nikawasha tochi ya simu, nikavuta shavu kwa kidole. Nilitegemea kuona bonge jekundu jeusi la damu iliyoganda. Niliona shimo tupu, na chini yake kitu cheupe cha kijivu. Ule ulikuwa mfupa wangu. Na harufu iliyotoka humo sitaieleza.

Daktari hakuhitaji hata dakika kulitambua: tundu kavu. Damu inayoganda kwenye shimo ndiyo kifuniko cha mfupa na mishipa yake ya fahamu, na ndiyo inayogeuka nyama mpya. Ikitoka mapema au isipoganda sawasawa, mfupa unabaki wazi kwa hewa, mate na chakula. Hutokea zaidi kwenye magego ya chini, na kwa kawaida hujitokeza ndani ya siku chache za mwanzo. Wavuta sigara wako kwenye hatari zaidi. Mimi nilifika huko bila sigara, kwa maji matupu. Akaosha shimo taratibu kwa maji ya chumvi, akajaza kitambaa chenye dawa iliyonuka karafuu, na kabla sijashuka kitini maumivu yalikuwa yameshapungua kwa kiasi cha kunitoa machozi. Nilirudi mara mbili kubadilishiwa. Zile antibayotiki, alinieleza, hazikuwa na kazi yoyote pale.

Basi shika hivi. Saa 24 za kwanza usisukutue kabisa. Usiteme, mate yaache yadondoke yenyewe kwenye sinki. Baada ya hapo chukua nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, jaza mdomo, inamisha kichwa huku na huku, kisha fungua mdomo yamwagike. Meno mengine piga mswaki, shimo lipitie mbali. Na maumivu yaliyokuwa yakishuka yakianza kupanda tena siku ya tatu au ya nne, rudi siku hiyohiyo. Usijikaze kama mimi.

Mengine ni madogo. Kama jino lilikuwa la juu, usipenge kamasi kwa nguvu, na ukitaka kupiga chafya piga mdomo ukiwa wazi, kwa sababu mizizi ya juu hukaribiana na uwazi ulio ndani ya mfupa wa taya la juu, nyuma ya shavu. Kama fizi ilishonwa, nyuzi nyingi huyeyuka zenyewe, lakini uliza kama zako ni hizo. Ukipewa metronidazoli, aina mojawapo ya antibayotiki, pombe weka kando. Mazoezi mazito na kubeba mizigo subiri siku kadhaa, damu inaweza kuanza upya. Shimo litakaa linanasa chakula kwa wiki kadhaa, usilichokonoe kwa kijiti wala ulimi.

Homa, usaha, uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu, damu isiyokoma hata ukikandamiza pamba kwa nusu saa, rudi. Ukishindwa kumeza au pumzi ikawa nzito, usisubiri kupambazuke, nenda idara ya dharura usiku huohuo. Namba ya simu ya daktari iandike kwenye karatasi kabla hujaondoka kliniki, na mtu unayeishi naye ajue ilipo.